Barua kwa Mwanangu: Mistari Mitatu Kabla ya Insha

Mpwapwa

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Huku nyumbani wote wazima. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umepewa insha ya maneno 1,500 kwenye kozi ya maadili, "Je, adhabu ya kifo inakubalika kimaadili?", na unasema msimamo unao tayari, unachotafuta ni maneno mazuri tu. Hapo nakuomba usimame kwanza. Msimamo ulikuwa nao hata kabla hujafika hapo Chuo Kikuu cha Dodoma, na mwenzako wa chumbani ana wa kwake. Kozi hii haikuulizi unaamini nini. Inakuuliza hoja yako imesimama juu ya nini, na ikisukumwa itaangukia upande gani.

Anza na kesi, nadharia zije baadaye. Na kwa swali hili, kesi nzuri ilisikilizwa hapo hapo Dodoma. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika kesi ambayo wanasheria huiita ya Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kunyongwa inavunja Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Hukumu zote mbili zimo kwenye zile ripoti za kesi ziitwazo TLR, za 1994 na 1995. Toa nakala, usizisomee kwenye simu, maana utataka kuandika pembeni.

Kisha chukua karatasi tupu, uiandike hoja ya Jaji kwa mistari mitatu. Wa kwanza: kunyongwa ni adhabu ya kinyama, inamtweza mtu. Wa pili: ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza adhabu za namna hiyo. Wa tatu ni hitimisho: adhabu hiyo ni batili. (Ipo pia haki ya kuishi ya ibara ya 14, lakini shika hii kwanza.) Sasa soma hukumu ya Rufani huku ukitafuta ni mstari upi walioukata. Wengi hudhani ni wa kwanza. Sivyo. Majaji wa Rufani walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kinyama na inadhalilisha. Walioukamata ni mstari wa pili: katazo lina mpaka, wakasema, kwa kuwa ibara ya 30(2) inaruhusu sheria zinazobana haki kwa manufaa ya umma, na kuamua kama adhabu hiyo inahitajika ni kazi ya jamii.

Tazama hapo, mama. Mahakama mbili zimekubaliana juu ya jambo zito kuliko yote, na bado zikaachana njia. Mwanafunzi atakayejaza kurasa tatu kwa maumivu ya kitanzi atakuwa amemaliza wino kwenye jambo ambalo mpinzani wake amekwisha kulikubali. Ubishi uko kwenye mstari wa pili: je, yapo mambo ambayo mtu hapaswi kutendewa hata kama umma ungefaidika? Hilo ndilo swali la kimaadili, na linabaki pale pale hata ukiifungia Katiba kabatini. Sheria imekuonyesha ubishi ulipo, lakini haikumalizii.

Ukishapata mistari yako mwenyewe, weka alama pembeni: U kwa ukweli unaoweza kupimwa, T kwa thamani. "Kunyonga kunapunguza mauaji" ni U. Hapo unadaiwa ushahidi, hasira haitakusaidia. "Aliyeua amepoteza haki yake ya kuishi" ni T, na takwimu zote za dunia haziwezi kuuthibitisha wala kuuangusha. Insha nyingi hufa kwa sababu mwandishi ametoka kwenye U akarukia hitimisho, hakuna T katikati. Chukua mfano huu: Marekani, tangu 1973, watu zaidi ya 190 waliohukumiwa kifo wamekuja kufutiwa hatia. Ni hoja nzito, na mimi binafsi naiona ndiyo nzito kuliko zote, lakini ipime inathibitisha nini hasa. Inathibitisha kwamba mahakama hukosea. Juu ya muuaji ambaye hatia yake haina shaka, haijasema kitu. Kwa hiyo ukiitumia, andika waziwazi ule mstari wa T uliojificha: si haki kuukabidhi mfumo unaokosea adhabu isiyoweza kurudishwa. Kisha utetee mstari huo.

Jihadhari pia na kuchanganya maswali. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, iliamua katika shauri dhidi ya Tanzania kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji, bila kuangalia mazingira, kunakiuka haki ya kuishi. Kilichoonekana hapo kukiuka haki ya kuishi ni ulazima. Ukiitaja kama uthibitisho kwamba adhabu yenyewe imekatazwa, msahihishaji atakukata alama, na atakuwa sahihi. Maneno 1,500 hayabebi maswali yote mawili. Chagua moja, na ulitaje kwenye aya ya kwanza.

Nadharia sasa. Usiandike "Kant anasema hivi, Mill anasema vile, kwa maoni yangu..." Wanafalsafa hao wote wawili waliiunga mkono adhabu ya kifo! Kant kwa sababu ya stahili, yaani muuaji apate anachostahili. Mill, aliyepima mambo kwa matokeo yake, aliitetea Bungeni Uingereza mwaka 1868, akidai ina ukatili mdogo kuliko kifungo cha maisha cha kazi ngumu ingawa inatisha zaidi. Jina la nadharia halikupi jibu, linakuambia tu cha kuweka kwenye mizani.

Kwa mgawanyo, utangulizi usizidi maneno 150, na usianze na "tangu mwanadamu aumbwe" wala maana ya neno kutoka kamusini. Hoja yako ipewe kama 500. Hoja ya mpinzani ipewe 400 kamili, uijenge kwa nguvu kiasi kwamba yeye mwenyewe angesema "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyosema". Yanayobaki ni ya kumjibu. Wanafunzi humpa mpinzani mistari minne dhaifu halafu wakashangilia kumshinda.

Kwenye semina utasikia "kila jamii ina maadili yake". Muulize kwa upole anayesema hivyo kama yuko tayari kusema hivyo hivyo juu ya watu wenye ualbino waliouawa hapa nchini kwa ajili ya viungo vyao. Na imani yako usiifiche, lakini darasani kuna Waislamu, Wakristo na wasio na dini, basi kila unaposhika andiko tafuta pia sababu ambayo jirani yako anaweza kuipima.

Nimekutumia pesa kidogo ya kutolea nakala. Kabla hujaandika aya hata moja, nitumie ile mistari mitatu yako, na alama za U na T pembeni. Jumapili jioni nitakuwa nayo mkononi, tuizungumze kwa simu.

Baba yako