Kabla ya kusimika tangi la maziwa, tuhesabu lita na hatua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo linalonikosesha usingizi mimi na wafugaji wenzangu huku Rungwe. Kijiji chetu kimeahidiwa tangi la kupozea maziwa la lita 500. Tumefurahi sana. Lakini mahali pa kulisimika pamekwisha kutajwa, na hakuna aliyeuliza maziwa yenyewe yanatoka wapi. Pametajwa kando ya barabara ya lami, kwa sababu kiwanja ni cha bure na gari la kiwanda linafika bila shida.

Mimi nina ng'ombe watatu wa kisasa, nakaa kitongoji cha mtoni. Kwa sasa tunapeleka maziwa kituo cha kijiji jirani. Maziwa yakitoka kwenye chuchu yana joto la nyuzi 37 au 38, na vijidudu huanza kuzaliana hapo hapo. Tangi huyashusha mpaka nyuzi 4, ndipo yanapotulia. Muda ulioko kati ya chuchu na tangi ndio unaotufilisi. Masika iliyopita nilifika kituoni karibu saa tatu asubuhi, njia nzima ni utelezi. Mpokeaji alichota maziwa kidogo, akayachanganya na alkoholi kiasi kilekile, akainamisha kikombe kwenye mwanga. Vipunje vyeupe vikaganda pembeni mwa kikombe, dalili kwamba maziwa yameanza kuchacha. Akanirudishia keni yangu bila neno. Ndani yake lita 18 zilikuwa zangu, lita 2 za jirani yangu mjane ambaye miguu yake haimfikishi tena huko. Nilirudi kumweleza, naye akaniuliza, "Mwalimu, na sabuni nitanunua kwa nini?"

Nimefundisha hisabati darasa la sita na la saba kwa miaka 31. Nikachukua daftari la miraba nikafanya kile nilichokuwa nikiwafundisha watoto: majira ya nukta na wastani. Upande wa mraba mmoja ni nusu kilomita, na katika kila nukta namba ya kwanza ni miraba ya mlalo, ya pili ni ya wima. Nilipita vitongoji vyote vitano nikiuliza kila nyumba inakamua lita ngapi asubuhi. Kanisani wana lita 60, nukta yao ni (1, 5). Mtoni kwetu lita 120, kwenye (2, 1). Shuleni lita 80, kwenye (4, 4). Mlimani lita 100, kwenye (3, 6). Barabarani, panapotakiwa tangi, lita 40 tu, kwenye (7, 3). Jumla lita 400. Unazidisha lita za kila kitongoji kwa nukta yake ya mlalo, unajumlisha, unagawa kwa 400; kisha unarudia kwa nukta ya wima. Mimi nilipata (3, 3.65). Hicho ndicho kitovu cha uzito wa maziwa yetu.

Wastani huo una kasoro yake, na mwalimu asiyeisema anadanganya. Kitovu cha uzito si lazima kiwe ndipo safari za watu wote zinapokuwa fupi kabisa. Kinakusogeza karibu tu. Tena nukta yangu imeangukia kwenye bonde la majimaji ambako hata mabingobingo yanaoza. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuchukua maeneo yanayofaa kweli kujengwa na kuyapima moja moja: lita za kila kitongoji mara kilomita za kwenda huko, kisha jumla. Nimetumia mstari wa rula, maana njia zetu zote zinapindapinda karibu sawa. Tangi likikaa barabarani, kijiji kinabeba lita-kilomita 889 kila asubuhi. Likikaa shuleni ni 486. Pale bondeni pangekuwa 483, maana yake shuleni hatupotezi karibu chochote, na shule ina maji ya bomba na umeme. Tofauti ya barabarani na shuleni ni 403. Mhariri, hiyo ni sawa na mtu kubeba keni ya lita 20 kilomita 20, kila siku ya Mungu, kwa sababu tu tangi lilikaa pasipo pake. Na tangi likiwa barabarani, wa mbali kuliko wote angetembea kilomita 3.2; likiwa shuleni, wa mbali kuliko wote anatembea 1.8.

Kamati inayoshughulikia tangi nayo ilileta jedwali la alama za kuchagua mahali: barabara alama 40, kiwanja cha bure 30, umeme 20, ukaribu na wafugaji 10. Sipingi njia ya alama. Ni njia nzuri pale unapolinganisha mambo yasiyopimika kwa kilomita. Ninachopinga ni kupanga uzito wa kila kigezo baada ya kiwanja kupatikana. Uzito upangwe kwanza, mkutanoni, wakati hakuna anayejua utambeba nani. Ukaribu na wafugaji kupewa alama 10 kwenye kituo cha maziwa, hilo sitalikubali.

Wanaosema gari litakwama kwenda shuleni wana hoja, nami siipuuzi. Kutoka lami mpaka shuleni ni kilomita 1.6, na huku kwetu mvua haina likizo. Basi gharama ya kumwaga kifusi na kuchimba mitaro iwekwe kwenye hesabu ileile, tuone. Sisi wa mtoni tuko tayari kutoa nguvu kazi. Barabara inaweza kusogea kwa majembe. Nyumba za watu na mabanda yao havisogei.

Haya si mambo ya kigeni kwa serikali yetu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo: kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, na mtu asitembee zaidi ya mita 400. Maji yana kipimo chake. Maziwa nayo ni mzigo wa kichwani vilevile, tena yanaharibika njiani.

Kwa asiyependa tarakimu, ipo njia ya kuona kwa macho, inayoitwa kwa jina la Mfaransa Pierre Varignon. Hata Mjerumani Alfred Weber, aliyeandika mwaka 1909 juu ya mahali pa kuweka viwanda, kitabu chake kinaieleza. Unachora ramani ya kijiji juu ya ubao, unatoboa tundu penye kila kitongoji, unapitisha kamba, na ncha zote za juu unazifunga fundo moja. Chini ya kila tundu unaning'iniza uzito kulingana na lita. Ukiachia, fundo linavutwa mpaka mahali ambapo jumla ya lita mara umbali ni ndogo kuliko pote. Kamba zisugue sabuni na ubao uutikise kidogo, la sivyo fundo linanasa.

Ubao wangu nimeshautengeneza. Nimetumia chupa za maji, nusu lita ya maji kwa kila lita 20 za maziwa. Namwomba mwenyekiti anipe dakika 15 kwenye mkutano mkuu wa kijiji wa robo hii, kabla ya kura. Daftari langu liko kwa mtendaji tangu Jumatatu. Mwenye kuona nimekosea lita za nyumba yake aende azirekebishe kwa mkono wake.

Mwalimu mstaafu na mweka hazina wa kikundi cha wafugaji,
Tukuyu, Mbeya