Harambee ya mpishi wetu: tunachanga kwa ajili ya kabla na baada ya kisu

Wazazi, walimu, wanafunzi wa zamani na majirani zetu wa Voi, hamjambo.

Wengi wenu mmekwisha kusikia. Mama anayetupikia pure, yaani mahindi na maharagwe, hapa shuleni ana saratani ya pafu, na mwishoni mwa mwezi ujao atafanyiwa upasuaji Nairobi. Ametupa ruhusa tuutaje ugonjwa kwa jina lake, ila kwa sharti kwamba tusimlilie kabla ya wakati. "Waambieni naenda kutengenezwa," alisema, akaendelea kupepeta maharagwe.

Lengo letu ni shilingi 320,000. Hatuombi pesa za kisu chenyewe. SHA, bima ya afya ya serikali, italipa sehemu ya gharama za upasuaji, na familia imeuza ng'ombe wawili kujazia zilizobaki. Katika harambee nyingi za matibabu tulizohudhuria, watu huchangia siku ya operesheni, wakapiga makofi, kisha mgonjwa akarudi nyumbani akakaa bila dawa ya maumivu na bila nauli ya kwenda kliniki. Safari hii tumeamua kuchangia kule ambako bima haifiki.

Nieleze hali ilivyo. Alianza kukohoa mwaka jana. Makohozi hayakuonyesha vijidudu vya TB, lakini alianzishiwa dawa za TB hivyo hivyo, na kikohozi kikabaki palepale huku kilo zikipungua. Kwetu kila kikohozi kirefu huitwa TB, na wengi hufika kwa daktari wa saratani wakiwa wamechelewa. Yeye ana bahati. Picha za CT na kipande kidogo cha uvimbe kilichopelekwa maabara vimeonyesha kwamba uvimbe uko sehemu ya juu ya pafu la kulia, na haujasambaa. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Kitakachoondolewa ni ile sehemu moja ya juu.

Kuna walioniuliza barabarani, mtu akikatwa pafu ataishije? Mwalimu wetu wa Biolojia ana jibu. Mwaka 1933, mjini St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alimtoa mgonjwa wa saratani pafu lote la kushoto. Mgonjwa huyo, James Gilmore, naye alikuwa daktari, na aliishi karibu miaka 30 baada ya hapo. Sisi tunazungumzia sehemu moja tu kati ya tano, tena kwa mama ambaye hajawahi kuvuta sigara.

Hapo ndipo swali la jiko letu linapoingia. Shule hii inapika kwa kuni tangu ilipofunguliwa, na bomba la moshi liliziba zamani. Daktari hakusema moshi ndio uliomletea ugonjwa, nasi hatutasema. Lakini shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeuweka moshi wa kuni za ndani ya nyumba katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani kwa binadamu. Mzazi mmoja alipendekeza pesa hizi zijenge jiko jipya kwanza. Jiko litajengwa, na bodi imekwisha kulijadili, ila haliwezi kutangulia mtu aliye na tarehe ya upasuaji mkononi.

Maandalizi yameanza. Hapiki tena, na nyumbani kwake walimu wamemnunulia mtungi wa gesi wa kilo 6. Mzee wake ameacha sigara, jambo ambalo mahubiri ya miaka mingi hayakuweza. (Mgonjwa anayevuta huambiwa aache angalau wiki nne kabla ya kisu, ili mapafu yaanze kujisafisha na kidonda kipone vizuri.) Amepimwa nguvu ya pumzi kwa kupuliza kwenye mashine, akapandishwa ngazi za hospitali huku wakimtazama anavyohema. Kila asubuhi na jioni anatembea hadi stesheni ya reli na kurudi, na anafanya mazoezi ya kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia, na kuiachia polepole. Anahitaji kuongeza nguvu, kwa hiyo kuleni mboga zenu na yeye mumwachie mayai, omena na kunde. Walioleta dawa za miti shamba tunawashukuru kwa moyo wao, lakini nyingine huzuia damu kuganda, na daktari wa usingizi anataka kujua kila kitu alichokunywa. Msimpe kitu kisirisiri.

Baada ya upasuaji ndipo kazi yenyewe ilipo. Mzazi mwenzetu ambaye ni muuguzi alitueleza kikaoni, nami nikaandika. Ataamka akiwa na mrija uliopita kati ya mbavu na kuishia kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Mrija huo unatoa hewa na damu iliyobaki kifuani ili pafu litanuke tena. Mapovu yakiendelea kwenye chupa, hewa bado inavuja. Yakiisha na maji yanayotoka yakipungua, mrija hutolewa. Chupa isiinuliwe juu ya kifua hata mara moja, hata kama mgeni anataka kupitisha kiti.

Siku ya pili tu watamtaka aketi, asimame, atembee. Watamtaka akohoe, naye atakuwa na kidonda ubavuni. Hukumbatia mto kifuani, akaubana, ndipo akakohoa. Asipokohoa, makohozi hukaa ndani ya mapafu, upande wa chini, na kuleta nimonia, na nimonia ni moja ya mambo yanayowarudisha wagonjwa hospitali. Ndiyo maana tumetenga shilingi 110,000 kwa dawa za maumivu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na vipimo ambavyo SHA haigusi. Kuna mjumbe aliyeona kiasi hicho ni anasa kwa upande wa dawa za maumivu. Mtu anayeumia hawezi kuvuta pumzi ndefu, na asiyevuta pumzi ndefu haponi. Hoja ilipita.

Shilingi 60,000 ni za chumba na chakula karibu na hospitali kwa yeye na bintiye, maana daktari hatamruhusu kurudi Voi mpaka amwone tena kliniki. Nauli za kwenda na kurudi, 30,000. Mshahara wake wa miezi mitatu ni 45,000. Ameajiriwa na bodi kwa kibarua, na asipokuja kazini halipwi. Miezi hiyo hatainua sufuria, hatachota maji, hatashika jembe. Zilizobaki, 75,000, ni akiba: kile kipande kitakachotolewa kitachunguzwa maabara, na majibu yakitaka kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, safari zitaanza upya. Isipohitajika, pesa hizo zitaingia kwenye jiko jipya, na mweka hazina atalisoma jambo hilo mbele ya mkutano wa wazazi.

Mpaka leo tuna shilingi 87,000. Za kwanza kabisa zilitoka kwa vijana wa bodaboda wa lango la shule, waliokula chakula chake kwa mkopo miaka nenda rudi.

Akirudi, tafadhali msijae nyumbani kwake siku ya kwanza. Mwenye mafua abaki kwake. Wanaotaka kumkaribisha kwa pilau wapike kwa gesi, au wapike kwao wakalete.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, uwanjani. Namba ya Paybill imechapishwa kwenye kadi mlizopewa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mtu yeyote anayewapigia simu kuomba pesa kwa namba nyingine si wa kamati. Mchango wa mkononi hupokelewa na mweka hazina peke yake, na utapewa risiti. Wenye kuku, mbuzi au mahindi ya mnada wavifikishe kwa mlinzi langoni kabla ya saa tatu, kuku wakiwa wamefungwa miguu. Hospitali pia inataka watu wa kuchangia damu: mlio tayari, andikisheni majina kwa katibu wiki hii, na siku ya kwenda mnywe chai na kula kabla ya kutoka.