Jumamosi: tunamzungumza Maimuna

Asalaam aleikum shoga zangu, Jumamosi baada ya alasiri tunakutana palepale barazani Mwembetanga, kitabu ni Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilitoka 1980 lakini ukikisoma utasema kimeandikwa juzi. Mie jana nimerudia pale Bi Tamima, mamake Maimuna, kashikwa na uchungu na mumewe hataki mtu aingie nyumbani, mkunga Farashuu akaja kumzalisha, basi kwa hilo tu mwanamke anaachwa, wallahi niliweka kitabu chini nikalia.

Sasa naomba sana safari hii tusianze kumlaumu Maimuna kwa kutoroka na kuishia danguroni kama tulivofanya kwenye zile voisi za juzi. Tumuulize babake kwanza, mtoto kafungiwa ndani hata barabara haijui, huo uhuru angejulia wapi kuutumia? Na mtu asome tena pale anapoanza kujiamulia mwenyewe aje atwambie kaona nini.

Asokuwa na kitabu aje tu, ninazo nakala mbili ingawa moja imetoka jalada. Wenye watoto wadogo njooni nao, urojo nitapika mie.