Barua kwa mwanangu: yule mke asiye na jina

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Ahero. Sisi ni wazima. Goti linamsumbua dani, bibi yako mzaa baba, lakini kelele zake ziko palepale, na mvua imeanza, kwa hivyo njia ya kwetu imekuwa tope tena. Karo nimelipa Jumatatu. Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu badala ya kungoja siku ya kuwatembelea.

Nilikuwa nikifagia chini ya kitanda chako nikaokota daftari la insha. Najua halikuwa langu. Nililifungua. Umepewa 16 kwa 20 kwa kisa cha Luanda Magere, yule shujaa wa Wajaluo aliyegeuka jiwe, na kusema kweli umekiandika vizuri, hasa pale vitani, mikuki inamgonga na kuanguka kama vijiti. Ila ulipofika kwa mke wa Kinandi ulimwita nyoka, ukamwita jasusi, ukafunga na "kikulacho ki nguoni mwako", na mwalimu akatia alama ya vyema kwa wino mwekundu kando ya methali. Nilisoma nikiwa nimepiga magoti, ufagio mkononi. Nikajitazama nguo.

Sikuandikii kukugombeza. Shujaa ni wako, wewe ni mtoto wa Kano, na mimi mwenyewe nampenda. Nilipoolewa hapa mwaka 1999, hata mwezi haujaisha, dani yako alinishika mkono tukaenda kuliona lile jiwe upande wa mto Nyando. Akanieleza jinsi wawindaji walivyokuwa wakinolea mikuki hapo wapate bahati ya nyama. Alinisimulia kwa Kijaluo cha polepole ili nishike neno moja moja: ukoo wa Sidho, mwili mgumu kama lwanda, yaani mwamba, vita na Wanandi. Alipofika kwa mke wa pili akakohoa, akasema "huyo mwanamke", akaruka mbele. Nadhani alikumbuka ameshika mkono wa nani.

Maana mimi hapa ni nyar Lang'o. Jina nililobatizwa analitumia padre peke yake. Binti wa Lang'o, yaani wa Wanandi, na Lang'o ni haohao waliompeleka yule msichana kwa Magere. Wewe umelizoea hilo jina hata hulisikii.

Hebu kirudie kisa taratibu. Wazee wa Kinandi wameshindwa vitani mara baada ya mara. Wanakaa kikao, wanachagua msichana mzuri kuliko wote, wanampeleka kwa adui awe zawadi ya amani. Nani alimuuliza yeye? Katika masimulizi yote niliyowahi kusikia hakuna anayemuuliza. Wazee wa Kano wanamwonya Magere asimchukue, naye anamchukua. Basi mtoto wa watu anaingia boma ambalo hajui lugha yake, mke mwenza hamtaki, wazee hawamtaki, na huyo bwana ndiye aliyewamaliza ndugu zake. Hili la mwisho insha yako haikuligusa kabisa. Mkuki ulioegemezwa ukutani huenda ndio uliomuua kaka yake, na yeye anaupita kila asubuhi akienda mtoni kuteka maji.

Halafu Magere anaugua. Hapa ndipo ninapotaka ukae. Wewe umeandika kwamba mke "alimchimba siri kwa hila". Dani hakunisimulia hivyo. Alivyosimulia yeye, mke mkubwa hakuwepo siku hiyo, mwanamume yuko hoi, anataka apigwe chale apakwe dawa. Msichana anachukua kijembe, anakata ngozi, kijembe kinateleza. Anakata tena. Hakuna kitu. Ni Magere mwenyewe, kwa maumivu, anayemwambia: kata kivuli changu. Mwanangu, umewahi kuambiwa ukate kivuli? Anainama chini, anakwaruza udongo pale kivuli kilipolala, damu inatoka. Na anaitia dawa, kama alivyoagizwa. Anamtibu. Kabla hajawa chochote kile ulichomwita, alikuwa mtu peke yake nyumbani aliyeinama kumhudumia mgonjwa. Kwa Kijaluo kivuli ni tipo, na tipo hiyohiyo ndiyo roho ya mtu. Msichana mgeni ameonyeshwa roho ya mumewe imelala vumbini, inavuja damu. Mimi ningekimbia hata kama sikuwa na wa kumwambia.

Ndiyo, aliwaambia watu wake. Ndiyo, vita vilivyofuata wakakichoma kivuli kwa mkuki na Magere akawa jiwe. Sifuti hapo. Lakini mnafundishwa mighani kwa mafungu, na fungu hili lina wenzake: Delila aliahidiwa vipande 1,100 vya fedha na kila mkuu wa Wafilisti, kijana wa Fumo Liyongo aliahidiwa binti wa mfalme ndipo akamchoma babake sindano ya shaba kitovuni. Wa kwetu alilipwa nini? Sijasikia hata mbuzi mmoja. Na wale wana majina, au angalau ni mtoto wa fulani. Mto una jina, ukoo una jina, jiwe lina jina. Yeye ni "huyo mwanamke".

Nitakwambia jambo ambalo hata babako hajui. Krismasi moja ulipokuwa mdogo, nilikwenda kwetu wakati ng'ombe walikuwa wakiibwa huku na huku mpakani. Jioni, mmoja wa wajomba zako alikuwa akitikisa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, akanimiminia, akauliza kama mtu anayeuliza hali ya mvua: huko kwenu, usiku, wanaume hulala wapi? Mbwa ni wangapi? Nikanywa polepole. Nikamwambia mimi shughuli zangu ni kuku, mambo ya ng'ombe siyajui. Akacheka, nikacheka. Usiku sikulala. Nilirudi Ahero, na kwenye mashine ya kusaga wanawake wakanyamaza nilipoingia, mmoja akasogeza debe lake. Sikuwa nimesema kitu kokote. Na wakati huo mimi nilikuwa mama wa watoto wanne, nina simu, nina nauli ya kurudi. Sijui ningejibu nini kama ningekuwa na miaka kumi na saba na anayeuliza ni baba yangu.

Wiki iliyopita, kwa sababu ya daftari lako, nilimuuliza dani. Alikuwa anachagua mchele, uteo mapajani, mawe anayatupia kuku kwa kuwakejeli. Nikasema: mama, yule mke wa Magere, baada ya vita alikwenda wapi? Aliolewa tena? Vidole vikasimama. Akasema hilo hakuwahi kusikia mtu akiuliza. Akachagua kidogo, akasema, "Alikimbia usiku, sivyo? Na kutoka hapa hadi mlimani ni mbali." Akaitazama milima ya Nandi, unajua inavyoonekana pale mlangoni wingu likitoka. Halafu akaniambia nikaangalie maharagwe, yanaungua. Hayakuwa yakiungua.

Daftari nimelirudisha mahali pake. 16 ni alama nzuri, usiende kubishana na mwalimu. Mtihani una majibu yake na wewe unataka kupita. Lakini shule ikifungwa tutakwenda kwa kogo, bibi yako wa kule kwetu Unandi, kabla hujaanza kulala mpaka saa nne. Mimi nikiwa mtoto kule sikukisikia kisa hiki, nilikuja kukisikia huku. Sasa nataka tumuulize tukiwa pamoja, mimi na wewe, kama wao walikuwa wakimwita kwa jina gani. Beba sweta, kule kuna baridi.

Mchele kilo mbili na sabuni nimempa mama wa jirani anayekuja kumwona binti yake Jumamosi. Umshukuru.

Mamako,
nyar Lang'o