Barabara ya miwa nayo inafaa kuchorwa

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule moja ya upili karibu na Mumias. Muhula uliopita niliwaambia wanafunzi wachore njia wanayopita kuja shuleni, nao wengi wakaniletea milima yenye theluji na twiga wakati wa machweo. Nilipouliza sababu, msichana mmoja alijibu kwamba njia ya kwao ni matope na miwa tu.

Jibu hilo lilinichoma. Njia hiyo naijua: trekta la miwa likipita baada ya mvua, magurudumu huacha mifereji miwili inayojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mbingu yote huonekana humo.

Wachoraji wa Marekani nao walipitia hali kama hii. Grant Wood, mzaliwa wa Iowa, alisafiri Ulaya mara kadhaa katika miaka ya 1920, lakini picha zilizompa jina ni za mashamba ya kwao. Katika “Stone City, Iowa” ya mwaka wa 1930, barabara inapindapinda kati ya vilima na kuvuka daraja, na miche ya mahindi imepangwa mistari kama mshono wa nguo. Georgia O’Keeffe naye, mwaka wa 1963, alichora barabara aliyokuwa akiiona kutoka nyumbani kwake Abiquiú, New Mexico, kwa mstari mmoja mzito uliopinda juu ya weupe wa theluji. Hamna nyumba, mti wala mtu, na kwangu mimi hakuna picha ya barabara inayoishinda.

Serikali yao pia ilisaidia. Kati ya 1934 na 1943 iliwalipa wasanii kuchora kuta za posta, nyingi zikiwa katika miji midogo, na zaidi ya picha 1,000 zilipatikana, nyingi zikionyesha kilimo, kazi na historia ya mahali penyewe. Mkulima aliyefuata barua aliliona shamba kama lake ukutani.

Naziomba kaunti zetu za magharibi, kila zinapojenga soko au zahanati, zitenge ukuta mmoja kwa mchoraji wa eneo hilo, achore Mumias, Maragoli au Kano anayoijua, na alipwe kama anavyolipwa fundi aliyeujenga ukuta huo.

Mwalimu wa sanaa,
Mumias, Kakamega