Kwa nini pipa lako la mafuta ya nazi linalala kwetu usiku kucha

Kila kipupwe kikiingia, sisi tunaoyeyusha mapipa ya mafuta kwa umeme tunasemwa kwa jambo lile lile: pipa limeletwa limeganda, mwenyewe kaambiwa arudi kesho, na juu yake alipe. Juzi mmoja kaondoka akisema tunauza moto, na makumbi yamejaa uani kwake bure.

Haya, tuhesabu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Pipa la lita 200 lina karibu kilo 184, na yakishaganda hayapitishi joto upesi. Kuyayeyusha na kuyafikisha nyuzi 40 kunakula kama yuniti 7 za umeme, mbali na joto linalopotea ubavuni. Kwa mkanda wa umeme wa wati 1,000, ule tunaoufunga ubavuni mwa pipa ulipashe joto, baina ya Adhuhuri na Magharibi kazi haijesha. Mkali zaidi hatuweki, maana yaliyogusa bati yataungua na ya katikati bado magumu. Tunalegeza vizibo, tunalivisha pipa blanketi ubavuni na juu, tunaliacha.

Moto wa chini ndio balaa. Chini huyeyuka kwanza, juu limebaki donge limeziba. Yaliyoyeyuka yanatanuka na hayana pa kutokea. Kufungua kizibo hakusaidii, kizibo kiko juu ya donge. Mkanda unabana ubavu, mafuta yakapata njia ya kupanda pembeni.

Bibie mmoja wa sabuni za mwani alituletea pipa lililokwishapikwa kwa vifuu. Kitako kimefura nje, halisimami sawa. Sabuni aliyoitoa humo alitia mlangilangi, akaongeza mchaichai, harufu ya moshi iko pale pale. Fundi mwengine alizamisha hita ya ndoo. Tulipoitoa ilikuwa imevaa mafuta meusi kama ukoko wa wali. Hita mpya, na mafuta ya kumwaga. Na bado bei yetu ndiyo ghali!

Matangi ya plastiki ya lita 1,000 hatuyafungi mkanda wa pipa la chuma. Yana koti lake la umeme, la joto lisilo kali, na ni siku nzima na usiku wake, pengine zaidi. Pipa lililofura kitako hatulipokei, aje nalo nani.

Ukitaka ndoo mbili tu na pipa lako ni la mfuniko unaotoka wote juu, usilibebe kuja nalo. Chota kwa upawa, tia sufuriani, weka sufuria ndani ya maji moto. Hiyo hatukutozi.