Muuza spea mjuaji apewe kalipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako kwa ajili ya wanaofufua malori ya zamani, hasa wanaoanza. Spea zipo. Kinachowamalizia hela ni muuzaji mjuaji, yule ambaye hujamaliza hata kusema unachotaka ameshakujibu: "Chukua hii, inaingia palepale."

Mara nyingi mnunuzi ndiye anayemfungulia mlango. Anauliza, "Itaingia kwenye lori langu?" Swali hilo limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Uliza imetoka kwenye lori gani, injini gani, na ina namba gani. Wajuaji wengi hawadanganyi kwa makusudi. Wanaijua injini moja sawasawa, basi kila inayofanana nayo wanaiona ileile. Chukua OM352 ya Mercedes-Benz na mdogo wake OM366. Kwa macho ni ndugu, na utaambiwa pistoni zake hazina tofauti. Silinda ya 352 ina kipenyo cha milimita 97, ya 366 ni 97.5. Mwendo wa pistoni ni 128 kwa 133. Pistoni ya 366 haiingii kwenye 352. Ya 352 inaingia kwenye 366 vizuri mno, halafu inagonga ukutani, injini inakula oili na kutoa moshi.

Kwenye beringi ndiko wengi wanakoumia. Namba imechongwa kwenye chuma chenyewe. Kwa beringi za kawaida za milimita, kuanzia 04 kwenda juu, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate kipenyo cha tundu: 10 ni milimita 50. Sasa chukua 30210 na 32210. Tundu 50 zote, nje 90 zote. Muuzaji ataziweka moja juu ya nyingine, zilingane kabisa, akuambie, "Si unaona?" Zilaze ubavu kwa ubavu mezani: moja ina upana wa 21.75, nyingine 24.75. Kwa milimita hizo 3 habu (kitovu cha gurudumu) haikai mahali pake, oili sili inakosa njia yake, na grisi inaishia kwenye breki. Bakuli (ringi ya nje ya beringi) na koni (sehemu ya ndani) nazo zitoke boksi moja.

Kwa hiyo nenda na spea ya zamani mkononi, hata kama imevunjika, ikiwa imeoshwa. Picha ya simu haipimiki. Beba kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo na upana, na karatasi yenye namba ya injini na ya chesisi. Klachi pleti ihesabiwe meno ya katikati, si kupimwa upana tu. Starta isomwe kibandiko, volti 12 au 24, kisha yahesabiwe meno ya pinioni yake. Krauni na pinioni, gia mbili za difu inayozungusha magurudumu ya nyuma, huuzwa pamoja kwa sababu zilisagwa pamoja. Tafuta namba ya jozi, ilingane kwenye zote mbili. Zikitofautiana, difu italia hadi meno yaishe.

Akikuambia "mpya, haijawahi kufungwa", uliza imekaa kwenye boksi miaka mingapi. Chuma kinasubiri, raba haisubiri. Kunja ukingo wa raba ya breki: ikionyesha nyufa ndogondogo, irudishe kwenye boksi lake.

Kubishana naye mbele ya wateja kunamwongezea ujuaji tu. Mpe kalipa: "Hebu tupime, bosi." Akisoma kipimo kwa macho yake mwenyewe, sauti hupungua. Na akisema kitabu kinakosea kwa sababu kiwanda kilibadilisha spea katikati ya toleo, msikilize, maana hilo hutokea kweli, lakini pima vilevile. Kabla hujalipa, risiti iandikwe namba ya spea na maneno "itarudishwa isipoingia". Asiyetaka kuandika, mwachie mali yake.

Metali za krenki, yale mabati yanayoshika krenki ndani ya injini, nazo zigeuze usome mgongoni: STD, yaani saizi ya kiwandani, au 0.25, 0.50 na kuendelea, yaani milimita zilizosagwa kwenye krenki. Mjuaji atakuambia STD inafaa krenki yoyote. Kwenye krenki iliyokwisha kusagwa 0.50, STD inaacha mwanya, presha ya oili inashuka, na injini inaanza kugonga kabla lori halijatoka gereji.

Fundi, msomaji wako.